Kuku Hali Nyama

Kwa watu wa Hasamba kuku hali nyama, na usiwaulize wamelijuaje hilo, kwa sababu hawakulijua, wamelirithi. Kuku anakula mahindi, pumba, ulezi uliomwagika na makombo ya ugali. Mchwa na minyoo anakula pia, lakini hao ni wadudu, na wadudu kwao si nyama. Nyama ni kitu chenye damu. Kuku akionekana ana damu mdomoni, huyo hafugwi, huyo anatumwa, na anayemtuma hana haja ya kutafutwa kwa sababu banda lake linajulikana. Ukiniuliza mimi, sidhani kama kuna mwanamke hata mmoja katika vilima vile aliyefuga kuku miaka kumi asimwone jogoo wake akitimua mbio na panya mdomoni. Wameona wote. Wameona, wakageuza shingo, wakaingia ndani kukoroga ugali.

Ruti naye alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye shamba dogo la kahawa, mgongo mbovu, na kuku kumi na mmoja aliowapenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya wazee wa kanisa. Mwaka fulani alimwona tetea wake mwekundu akiburuta kitu chenye mkia nyuma ya ghala. Alijiambia ni ganda la mgomba. Ganda la mgomba halina miguu minne, lakini yeye hakusogea karibu kuhesabu.

Mwezi wa tatu mkamwana wake Brenda alikuja kukaa naye. Brenda alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Tunduma, ameolewa na Luka, mtoto wa pekee wa Ruti, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mpango ulikuwa apumzike kijijini, halafu wiki mbili kabla ya siku zake apelekwe hospitali Vwawa. Uchungu haukungoja mpango. Ulimkamata Jumanne alfajiri, baada ya mvua iliyokesha ikinyesha na kuigeuza barabara kuwa uji. Bodaboda mbili zilijaribu kupanda kile kilima, zote zikarudi kinyumenyume. Ikabidi aitwe Tukuswiga.

Tukuswiga alikuwa mkunga wa zamani, bibi wa miaka sabini na kitu, anaishi peke yake ng'ambo ya kijito. Mumewe alikufa zamani. Watoto wawili aliwazika kwa mikono yake, wa tatu alivuka mpaka kwenda Zambia na hakurudi. Tangu watu walipoanza kuhimizwa kujifungulia zahanati, Tukuswiga aliitwa kwa siri mvua ikiwashinda, na jua likiwaka akasemwa kwa sauti. Siku ile alikuja na viatu vyake mkononi, akanawa, akaingia. Saa tatu asubuhi akatoka na mtoto wa kike aliyekuwa analia vizuri. Wakamwita Goodness.

Kisha akalifunga kondo la nyuma kwenye kipande cha kanga kuukuu, akampa Ruti kwa mikono miwili.

"Hii ni kazi ya bibi wa mtoto, si yangu," alisema. "Uchimbe mpaka kiwiko kiingie. Mpaka kiwiko, Mama Luka, umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Kwa watu wale kondo la mtoto halitupwi hovyo. Bibi mzaa baba hulizika penye mgomba, pasipo macho ya watu, maana mwenye roho mbaya akilipata amempata na mtoto. Ruti aliliamini hilo kabisa, ndiyo maana alichokifanya kilikuja kumtafuna. Alikuwa hajalala wala hajala. Udongo wa mgombani ulikuwa umejaa mizizi. Jembe liligonga mzizi wa kwanza, mgongo ukamkata, akasimama akishika kiuno. Akainama tena, akachimba mpaka mkono ukazama hadi kifundo, basi. Akaweka kile kibunda, akafukia, akakanyaga, juu akatandika matawi ya miiba kuzuia mbwa. Kuku walikuwa pale pale, sita au saba, wamesimama wakimtazama kwa jicho moja moja kama ilivyo tabia yao. Hakuona sababu ya kuwafukuza.

Luka alipiga simu kutoka Tunduma, alikokuwa anauza vipuri vya malori.

"Mama, umezika vizuri?"

"Mpaka kiwiko," Ruti akasema. Ulikuwa uongo mdogo wa mtu aliyechoka, na alipokata simu alikuwa ameshausahau.

Alasiri ile, akiwa anafua nguo za mzazi, aliwasikia kuku wakikimbizana nyuma ya jiko, vile wanavyokimbizana mmoja akipata kitu na wengine wakitaka kumnyang'anya. Alicheka peke yake, akasema hawa nao wana raha zao. Kesho yake alichinja tetea mmoja akampikia Brenda supu, kwa sababu mzazi bila supu ya kuku hapati maziwa. Keshokutwa akachinja mwingine. Brenda alikunywa yote, akamshukuru, akasema hata mama yake mzazi hajawahi kumpikia supu tamu namna ile.

Siku ya saba, Jumatatu, mtoto alikataa titi. Mwili ulichemka na kitovu kikawa chekundu. Waliwahi Vwawa kwa gari la kukodi, akalazwa. Daktari aliwaeleza taratibu kwamba kitovu kimeingia uchafu, kwamba wamefanya vizuri kuwahi, na kwamba sindano zitamsaidia. Ni maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa. Lakini mama yake Brenda alipiga simu kutoka Tunduma, akauliza swali moja tu: kondo lipo?

Luka alifika Hasamba Jumanne mchana, akaenda moja kwa moja mgombani. Aliiondoa miiba, ambayo ilikuwa mahali pake, haijaguswa. Akachimba mpaka kiwiko, akachimba mpaka goti. Alipata nyuzi nyuzi za kanga, basi. Ruti alisimama pembeni. Naomba uamini kwamba wakati ule hakuwaza kuku hata kidogo. Aliwaza mwizi, sawasawa na Luka alivyowaza.

"Si mbwa," Luka alisema. "Mbwa angeivuruga hii miiba. Huu ni mkono wa mtu. Nani alijua umezika wapi?"

"Mimi tu."

"Mama, fikiri vizuri."

Ruti akafikiri. Akamkumbuka yule bibi amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akitazama kule mgombani kabla ya kuondoka.

"Labda Tukuswiga," akasema.

Kabla ugali wa jioni haujaiva jina lile lilikuwa limefika kila mji wa kitongoji, nyumba hadi nyumba. Ghafla kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake. Huyu ng'ombe wake alikufa baada ya bibi kupita, yule mahindi yake yalinyauka mwaka bibi alipomwomba chumvi. Jonasi, mwenyekiti wa kitongoji, akatangaza mkutano wa Jumamosi. Amoni, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa ulinzi, akasema Jumamosi ni mbali. Jumatano mchana kweupe mawe yalianguka juu ya bati la Tukuswiga, na watu waliokuwa wakipalilia umbali wa kutupa jembe hawakuona nani ametupa.

Ruti alijua mkutano wa namna ile unaishia wapi. Kila mtu alijua. Miaka minne nyuma, upande wa pili wa bonde, bibi mmoja aliitwa kwenye mkutano Jumamosi, na Jumatatu nyumba yake ilikuwa majivu naye akiwa ndani. Alikuwa mpole, anauza mboga, anaishi peke yake. Baadaye watu walisema ni bahati mbaya ya jiko.

Alhamisi mchana Ruti alikuwa peke yake nyumbani. Alifungua ghala atoe mahindi ya kusaga, panya mkubwa akachomoka kati ya magunia akakatiza uani. Yule tetea mwekundu alimfikia kwa hatua tatu. Alimdona kichwani, akamrusha, akamdona tena. Panya alilia mara moja. Kisha wakaja wote, na Ruti, akiwa na debe mkononi, hakugeuza shingo mara hii kwa sababu walikuwa mbele ya miguu yake. Walimpasua. Walivutana utumbo, huyu anakimbia na mguu, yule anamfukuza, na ule mchezo wao ulikuwa ni ule ule, kelele zile zile alizozisikia siku mtoto alipozaliwa.

Debe likamponyoka.

Alikwenda mgombani bila kutaka kwenda. Miiba ilikuwa imetupwa kando, lakini yeye aliikumbuka ilivyokaa, matawi yameinuka kidogo kwa katikati, nafasi ambayo mbwa asingeingiza kichwa na kuku angepita bila kuinama sana. Pembeni ya shimo la Luka udongo ulikuwa umeparuliwa kuelekea nyuma, mistari mitatu mitatu ya kucha, na mingine ilikuwa ya zamani, imeshakauka. Akaiweka mikono kichwani. Halafu akakumbuka supu. Alitapika palepale kwenye mgomba, akatapika mpaka hakikubaki kitu, na kuku wakaja kutazama ametapika nini.

Alimpigia Luka, ambaye alikuwa Vwawa na mkewe.

"Mtoto amepata nafuu," Luka akasema kabla hajaulizwa. "Homa imeshuka, kesho wanamruhusu. Unaona, Mama? Bibi ameshtuka kusikia anajulikana, ameachia."

"Luka mwanangu, si yeye. Ni kuku wetu. Walifukua wakala."

Kwenye simu akasikia mtoto wa mtu mwingine akilia wodini.

"Kuku hali nyama, Mama," Luka akasema polepole. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Usimtetee yule bibi, watu watakuelewa vibaya." Akakata.

Ruti alifunga unga kilo mbili kwenye mfuko, akavuka kijito. Alihitaji kisingizio cha kwenda, na unga ulikuwa kisingizio. Tukuswiga alikuwa ameketi ndani, mlango umerudishwa, mfuko wa nguo umefungwa, uko miguuni pake. Bati lilikuwa limetoboka sehemu mbili, na mwanga ulianguka sakafuni kwa madoa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo sasa. Wanamruhusu kesho."

"Mungu ashukuriwe." Alisema hivyo na alimaanisha, na hilo lilimuumiza Ruti kuliko angetukanwa. Bibi akautazama ule unga, asiuguse. "Ulichimba mpaka wapi, Mama Luka?"

Ruti akapandisha mkono wa gauni. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaonyesha kifundo kwa kidole.

Tukuswiga akatikisa kichwa taratibu. "Kuku," akasema.

"Ulijua?"

"Miaka arobaini nazalisha watu. Unafikiri nawaambia mpaka kiwiko kwa ajili ya mbwa? Mbwa anazuiwa na mwiba. Nimeona kuku akila nyoka. Nimeona wakimla mwenzao aliyevunjika mguu, akiwa hai, wanaanza na pale penye damu. Niliwahi kusema mara moja, nikiwa bado msichana. Mama yangu alinipiga makofi, akaniambia nisirudie kusema kitu hicho kwa sababu watu watauliza nimewaonea wapi."

"Basi sema hayo Jumamosi. Waambie kama unavyoniambia mimi."

"Nikisema mimi, wataona najitetea." Bibi akamtazama machoni. Hakuwa analia. "Jina langu ulilitoa wewe, mdogo wangu. Nimesikia. Sikulaumu, ulikuwa na hofu. Lakini kama kuna mtu wa kulirudisha, ni wewe."

"Na huo mfuko?"

"Niende wapi? Nimeufunga, nimekaa. Hata sijui nilikuwa nafikiria nini."

Ijumaa Brenda alirudi na mtoto. Ruti alipompokea Goodness, akamnusa shingoni, alitamani kunyamaza. Nasema kweli, alitamani sana. Mtoto alikuwa mzima, mkamwana wake alikuwa anamwita Mama kwa upendo, na hakuna aliyemshuku. Angenyamaza siku moja tu, mambo yangejimaliza yenyewe ng'ambo ya kijito, naye angekuwa amelala kwake. Alimshika mtoto jioni nzima. Aliposhika ule mkono mdogo aliwaza mkono mwingine, wa kizee, uliomtoa huyu mtoto tumboni, na akaona aibu hadi jasho likamtoka.

Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde. Alipita buchani akachukua nusu kilo ya nyama ya mbuzi, ile yenye damu. Akawakamata kuku watatu, yule mwekundu akiwemo, akawatia kwenye tenga, akajitwika.

Watu walijaa kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa kahawa, wengi kuliko wanavyojaa kanisani. Jonasi aliketi kwenye kiti cha plastiki na daftari. Amoni na vijana wake walisimama nyuma, hawakuketi. Tukuswiga alikalishwa chini katikati, peke yake, na pembeni yake palikuwa na nafasi ya watu kumi ambayo hakuna aliyeijaza. Brenda alikuwa amekaa upande wa wanawake na Goodness mapajani. Luka alisimama nyuma yake na mwavuli, kwa sababu jua lilikuwa kali.

"Kabla hamjamuuliza yeye chochote," Ruti akasema, "niulizeni mimi."

Akatua tenga. Akasema yote. Alichimba hadi kifundo, si kiwiko. Alimdanganya mwanawe. Alimtaja Tukuswiga kwa woga bila kuona chochote. Kuku wake walifukua kondo la mjukuu wake wakalila, naye bila kujua aliwachinja wawili wao akampa mzazi. Aliposema hivyo Brenda alimwita mama yake kwa kilio, "Mayo!", akajifunika mdomo kwa kanga. Ruti hakuthubutu kumtazama.

Kukawa na kicheko huku na kule, cha watu wasiojua wafanye nini.

"Mama, acha zako," Amoni akasema. "Kuku hali nyama. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Tazama basi," Ruti akasema.

Akaitupa nyama chini, vipande vipande, akafungua tenga. Kuku watatu walitoka wakijikung'uta. Kwa muda wa pumzi mbili walisimama tu wakigeuza vichwa, na Ruti akaomba, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba kuku wake wale nyama mbele za watu. Tetea mwekundu akaliona pande moja. Akalidona, akalitikisa, akalimeza. Wengine wakaruka. Walikula kwa pupa, wakivutana mshipa huku na huku, na mdomo wa yule mwekundu ukawa na damu inayong'aa juani.

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake wa mbele walivuta watoto wao nyuma. Ruti alimtazama Tukuswiga, akaona bibi amefumba macho, na akadhani ni kwa shukrani.

"Mmeona?" akasema. "Si mtu. Ni kuku tu, wanakula walichokipata."

Jonasi aliweka kalamu juu ya daftari.

"Tumeona, Mama Luka," akasema. "Sasa tuambie. Hawa kuku wako, nani aliwafundisha?"

Ruti hakuelewa mara moja. Aligeuka huku na huku akitafuta mtu aliyeulizwa. Kila uso ulikuwa umemwelekea yeye, na ile nafasi ya watu kumi iliyokuwa imemzunguka Tukuswiga alianza kuiona inaumbika kwake, miguu ikirudi nyuma kidogo kidogo bila mtu kuamuru.

"Hakuna anayewafundisha!" Sauti yake ilipanda. "Ni kuku wote. Leteni wa kwenu! Amoni, kwenu si pale? Kamlete hata mmoja, nyama bado ipo."

Amoni hakusogea. Mama yake, aliyekuwa amekaa mstari wa pili, aliinama akaanza kufunga upya kilemba ambacho hakikuwa kimefunguka. Ruti akaita majina, mmoja baada ya mwingine, wanawake aliokuwa akipeana nao mayai ya kuatamia. Kila aliyeitwa akatazama chini. Walijua. Aliona wazi kwamba walijua, na ndiyo sababu hakuna ambaye angeinuka kwenda kufungua banda lake.

Wakati huo, kutoka upande wa vibanda, akaja kuku mwingine. Alikuwa koo mweupe mnene, anatembea bila wasiwasi, na mguuni alikuwa na kitambaa cha bluu. Pale kijijini kila mji una rangi yake ya kuwafunga kuku mguuni ili wasichanganyikane. Bluu ilikuwa ya Jonasi, na hapakuwa na mtu mzima uwanjani asiyelijua hilo. Yule koo alipita kati ya miguu ya watu, akafika penye nyama, akachagua pande lenye mafuta, akalimeza. Akafuta mdomo ardhini, huku na huku, akachagua jingine.

Uwanja mzima ulimtazama Jonasi. Ruti alifarijika. Akanyoosha kidole tu, hakuhitaji kusema.

Jonasi alimtazama yule kuku, kisha kile kitambaa.

"Huyo si wangu," akasema.

Mkewe Jonasi, aliyemfunga kuku yule kitambaa kwa mkono wake, alitazama milima. Halafu mtu nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba labda Mama Luka amemvuta kwa dawa, mwingine akaitikia, na neno likatembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka likawa la wote.

"Bibi Tukuswiga," Jonasi akasema, akifunga daftari, "nenda nyumbani. Hatuna neno na wewe."

Wakampisha. Bibi aliinuka kwa kujishika magoti, akavaa viatu vyake. Ili kutoka ilimlazimu apite karibu na Ruti. Alipomfikia hakusimama, wala hakugeuza uso, lakini midomo ilicheza.

"Usilale kwako leo," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, akaenda zake haraka kadiri miguu yake ilivyomruhusu.

Kuku walikuwa wamemaliza. Yule mwekundu alikuja akasimama karibu na mguu wa Ruti, kama alivyozoea kufanya kila asubuhi akitarajia mahindi. Ruti alimsukuma kwa kisigino, kwa nguvu, akarudi tena. Watu walikuwa wanaondoka, wengine wakikimbia kidogo, na kutoka kwenye miji iliyokuwa karibu akasikia sauti za wanawake wakiwafukuzia kuku wao ndani, saa sita mchana, milango ya mabanda ikifungwa.

Amoni peke yake ndiye aliyemsogelea. Alikuja na heshima zote, mikono nyuma, akainamisha kichwa kidogo kama kijana aliyelelewa.

"Samahani, Mama Luka," akasema. "Pale nyumbani huwa unaishi na nani?"

Ruti alilijua swali lile. Alijua huulizwa nani, na huulizwa kwa nini.

"Siishi peke yangu," akasema haraka. "Niko na mwanangu. Luka amekuja, na mkewe, na mjukuu wangu. Si hao hapo?"

Akageuka kumwonyesha. Pale walipokuwa wamekaa palikuwa na majani yaliyolala tu. Aliwaona mbali, wameshafika barabarani, Brenda amemfunga mtoto mgongoni, Luka amesimama katikati ya njia na mwavuli, akiipungia mkono bodaboda inayoelekea Vwawa.

Alimwita. Aliita jina lake lote, kama alivyokuwa akimwita utotoni jioni zikiingia. Luka alisikia, kwa sababu mabega yake yalipanda. Alimsaidia mkewe kupanda, akapanda nyuma yake, akaufungua mwavuli juu ya kichwa cha mtoto, na bodaboda ikaondoka.